Matembezi ya Majini Yasiyomaliza Mfuko



Mkiulizwa mlitoka pamoja lini mara ya mwisho, bila kwenda matangani wala harusini, mtajibu nini? Wengi husema, "Pesa hakuna." Baba hudhani kumtoa mama ni kumpeleka hotelini. Mama naye amechoka kuuliza. Miaka ikipita, mazungumzo yao ni karo, unga na kodi ya nyumba. Nyumba hiyo haina ugomvi, ila imepoa.

Likizo ya Agosti au Desemba ni nafasi nzuri ya kuipasha moto, na maji hayahitaji pesa nyingi.

Tuchukue mfano wa Mombasa. Feri ya Likoni haimtozi nauli anayevuka kwa miguu. Ni magari yanayolipa. Safari ni ya dakika chache, lakini watoto huifurahia, na huenda wakaona meli kubwa ikiingia bandari ya Kilindini. Mkirudi kisiwani, tembeeni hadi Mama Ngina, mahali palipotengenezwa upya mwaka wa 2019. Ketini mtazame bahari, mkinunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu.

Siku nyingine nendeni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hupwa mbali, na watoto huweza kuwatazama kaa na viti vya pweza. Vaeni ndara, na mgeuke kurudi mara maji yanapoanza kujaa.

Walio Kisumu wana ufuo wa Dunga. Pataneni bei ya mashua kabla ya kupanda, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Msiwaache watoto wacheze kwenye maji yaliyotuama penye majani, kwa maana huko ndiko kichocho hupatikana.

Chombo kikijaa watu, subirini kingine. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Haraka ya siku moja isiwaletee msiba.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Matembezi ambayo mama ameamka saa kumi alfajiri kupika, akabeba vyombo, kisha akashinda akiwafuata watoto, kwake si matembezi. Ni jiko lililohamishwa kupelekwa ufuoni. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, kaeni wawili mkubaliane haya:

1. Pesa. Hesabuni nauli ya matatu na chakula, mtenge kiasi hicho, na msikizidishe.

2. Kazi. Viazi vilivyochemshwa, ndizi na chupa ya chai vinatosha. Baba abebe kikapu.

3. Zamu. Watoto wakiwa majini, mmoja awatazame bila kushika simu, na mwingine apumzike. Kisha mpokezane.

4. Maneno. Watoto watakapotoka majini kula, ninyi wawili ketini kando yao. Siku hiyo karo na madeni yasitajwe. Mume amuulize mkewe, "Mama, siku hizi ni nini kinachokulemea moyoni?" Amsikilize mpaka amalize, asimkatize wala asijitetee. Kisha mke naye amuulize mumewe vivyo hivyo.

Jibu mtakalolisikia huenda lisipendeze. Hata hivyo, ni afadhali kulisikia mkiwa mmeketi pamoja kuliko kulisikia baadaye kwa majirani.

Ya kujadili nyumbani:

• Ni nini hasa kilichotuzuia kutoka pamoja: pesa, au tumezoeana mno?

• Katika matembezi yetu, nani hupumzika na nani huchoka?

• Ni Jumapili ipi baada ya Misa tutakayoitenga? Iandikeni kwenye kalenda leo, kabla hamjalala.