Mwali wa samawati huokoa pesa na maisha

Viwanda vya mikate, hoteli na shule za bweni zinazopikia gesi hulipia kila kilo inayochomwa. Je, gesi hiyo yote inageuka kuwa joto, au nyingine inapotea kama masizi na hewa ya sumu? Jibu liko kwenye kichomeo.

Kinavyofanya kazi

Gesi hutoka kwa kasi katika tundu dogo. Kasi hiyo huvuta hewa kupitia nafasi za kando, kisha gesi na hewa huchanganyika kabla ya kuwaka. Gesi ya mtungi, yaani propani na butani, huhitaji hewa mara 24 hadi 31 ya ujazo wake ili iungue yote.

Hewa ikipungua, mwali huwa wa manjano, sufuria hushika masizi, na kaboni monoksidi hutokea. Sumu hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, na anaweza kufa bila kujua kilichompata.

Hewa ikizidi, ile ya ziada hupashwa moto bure na kutoka na joto ulilolipia.

Mwali ukizidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, nitrojeni na oksijeni za hewani huungana kwa wingi na kuwa gesi zinazodhuru mapafu. Ndiyo maana wanaobuni vichomeo vya viwandani huingiza hewa kwa awamu, au hurudisha sehemu ya moshi kwenye mwali ili kuupunguzia ukali.

Mambo ya kuzingatia

1. Kagua mwali kila siku. Ukiwa wa manjano, mwite fundi aliyehitimu.
2. Safisha nafasi za hewa, lakini usipanue tundu la gesi.
3. Usinunue kichomeo cha gesi asilia kwa matumizi ya mtungi. Tundu lake ni kubwa zaidi.
4. Acha hewa ipite juu na karibu na sakafu, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.
5. Nunua gesi kwa muuzaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Wafanyakazi kadhaa wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja, zimeni gesi, tokeni nje na mtafute matibabu mara moja.