Somo: Muziki Ambao Mwimbaji Wake Haimbi

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na somo la malezi ya watoto. Tumelisogeza mbele kidogo, kwa sababu tuna jambo la kuungama kwanza, na jambo hilo limetufundisha habari za muziki ambao pengine mnao nyumbani kwenu na hamjui kwamba ni muziki.

Ilikuwa hivi. Katika mazoezi ya kwaya kijana mmoja aliomba nafasi. Mwenzake akapiga gita polepole, naye akafungua kinywa akaanza kusema. Hakuimba. Alitaja jina la baba yake, akataja vijiji walivyopita kwa miguu mpaka mpakani Bunagana, kimoja baada ya kingine, akifuata mapigo ya gita. Hatukumwacha amalize. Mmoja wetu alisema huo ni muziki wa kufokafoka wa mitaani, na mwingine akamwambia kama hawezi kuimba akae chini. Akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata, na miezi mitatu ikapita hatujamwona.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja Mrundi anayesali pamoja nasi. Alisikiliza tulipokuwa tukijitetea, kisha akasema: "Kwetu mpiga inanga haimbi, na sijasikia mtu aliyemwambia akae chini." Tukaona aibu. Tukamwomba atueleze.

Mnong'ono wa Burundi

Inanga ni ubao uliochongwa ukawa kama sinia refu lenye bonde katikati. Uzi mmoja hupitishwa juu yake kwenda na kurudi, ukishikwa na meno yaliyochongwa kwenye ncha mbili za ubao, hata mtu akitazama huona nyuzi nyingi. Mpigaji huketi, huiweka inanga mapajani au mbele yake, na anapopiga hunong'ona maneno. Ndiyo, hunong'ona, kama mtu anayekupa siri usiku watoto wamelala.

Sasa fanyeni jaribio dogo mnaposoma hapa. Kila mmoja aweke vidole kooni, aseme jina lake kwa sauti ya kawaida. Utasikia koo linatetemeka. Kisha linong'one jina hilo hilo. Koo limetulia. Mtetemo huo ndio unaotuwezesha kupandisha na kushusha tuni, kwa hiyo anayenong'ona hana tuni ya kwake. Jaribu kunong'ona wimbo wowote wa kitabuni, utabaki na maneno matupu.

Basi ukisikiliza inanga ya mnong'ono, mbona unasikia kama mtu anaimba? Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliandika juu ya jambo hilo mwaka 2002. Nyuzi ndizo zinazobeba tuni, mnong'ono unabeba maneno, na sikio la msikilizaji linaviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja. Warundi wanaosoma hapa wanajua pia kwamba katika Kirundi kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno. Kwa hiyo tuni ya nyuzi haitembei ovyo, inakwenda pamoja na lugha. Mtu akikosa sauti nzuri, au akiwa amezeeka na kifua kimechoka, bado aweza kuwa mpigaji anayeheshimiwa. Tulifikiri habari ya akina mama wangapi tumewaondoa kwenye kwaya kwa sababu sauti zimekwaruza.

Je, jambo hili limo katika Biblia?

Swali hilo tuliulizana sisi wenyewe, maana hatukutaka kuingiza kanisani kitu kwa sababu tu kimetupendeza. Tusome 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu wametembea jangwani siku saba, maji yamekwisha, jeshi na wanyama wanakaribia kufa. Wanamwendea Elisha. Nabii, kabla ya kusema neno lolote la Bwana, anaomba aletewe mpiga kinanda. Mpigaji anapopiga, ndipo Elisha anapopokea ujumbe na kuusema, kwamba wachimbe mahandaki bondeni. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Elisha aliimba. Alisema, na muziki ulikuwapo.

Kisha fungueni 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25. Daudi aliwatenga wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni kwa kazi, na kazi hiyo inaelezwa kuwa ni kutabiri kwa vinubi, vinanda na matoazi. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi kama orodha ya majina tu, tukapita haraka.

Neno tulilolisahau

Kiswahili kimetusaidia hapa kuliko tulivyotegemea. Kati ya kusema na kuimba kuna neno kughani. Utenzi haukutungwa usomwe kimya kimya, huwa unaghaniwa, mizani nane katika kila mstari kwa kawaida, na sauti inatembea kati ya maneno ya kawaida na wimbo. Na mshairi Mkristo amekwisha kupita njia hiyo kabla yetu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, aliandika Utenzi wa Enjili Takatifu na pia Utenzi wa Zaburi. Yeye ndiye aliyesifika kwa ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo shule za Tanzania ziliyatumia sana baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wale mliokulia upande wa Kigoma huenda mlisimama mstarini mkighani ngonjera mkiwa wadogo, mkadhani ni kazi ya shule tu.

Huko huko Tanzania, Mrisho Mpoto ameendeleza jambo hili kwa ala na bendi. Yeye anaghani, mwingine anaimba kiitikio. Katika Sizonje ya mwaka 2016 kiitikio kiliimbwa na Banana Zorro, na Mpoto anamtembeza mgeni ndani ya nyumba akimwonyesha mambo yake. Wasikilizaji wengi walisema mgeni huyo ni Rais John Magufuli, aliyekuwa ameingia madarakani mwaka 2015. Kwa wanaoanza kusikiliza tunapendekeza huyu awe wa kwanza, maana lugha yake kila nyumba itaielewa, ingawa mafumbo yatawatesa kidogo.

Franco alipoacha kuimba

Ndugu zetu wa Kongo walitukumbusha jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumelisahau kabisa. Mwaka 1987 Franco Luambo, pamoja na bendi yake ya TPOK Jazz, alitoa Attention na Sida. Gita ni zile zile zilizochezesha watu Kinshasa mpaka Nairobi, lakini kwa sehemu kubwa Franco haimbi. Anasema, kwa Kifaransa na Kilingala, kama baba aliyesimama katikati ya kikao cha ukoo. Anawaonya watu kuhusu UKIMWI, anawageukia wazazi, vijana, waganga, wakuu wa nchi, kila mmoja kwa zamu yake. Mama mmoja kati yetu anakumbuka redio ikipiga wimbo huo Bukavu na watu wazima wakinyamaza. Walikuwa wameuzoea kuuchezea muziki wa Franco, na siku hiyo hawakujua wafanye nini na miguu.

Tusifiche upande wa pili. Huyu ndiye Franco aliyefungwa gerezani mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo za matusi. Hatumweki mbele yenu kama mtakatifu. Tunamtaja kwa sababu alipokuwa na neno zito kuliko yote aliyowahi kuyatoa, aliona kuimba hakutoshi. Alifariki Oktoba 1989. Desemba mwaka huo huo alifariki Philly Lutaaya wa hapa Uganda, aliyewatangazia watu hadharani kwamba ana ugonjwa huo, naye aliwaachia wimbo. Wengine wetu tuliwazika ndugu zetu miaka hiyo kwa ugonjwa ambao nyumbani haukutajwa jina.

Ukiwa Kampala, tega sikio

Hapa mjini hatuhitaji kwenda mbali. Kwenye teksi za kwenda Najjanankumbi, au kwa fundi viatu mwenye redio, husikika kadongo kamu, maana yake gita dogo moja tu. Mwimbaji anasimulia kisa kirefu, mara anaimba, mara anasema kama wakili mahakamani, na gita linamngojea. Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, ndiye anayetajwa sana, na Walumbe Zaaya, wimbo wake juu ya kifo, watu wazima wanaukariri. Sisi tulikaa na muziki huo miaka mingi tukiuona kuwa ni kelele za wenyeji. Kasoro ilikuwa kwetu, hatukuelewa Kiganda. Watoto wetu wanakielewa. Mwambie mwanao akutafsirie wimbo mmoja mzima, taratibu, kituo kwa kituo. Wewe nawe mtafsirie Franco. Tulijaribu nyumbani kwa mmoja wetu huko Katwe, na binti wa miaka kumi na mitatu alikaa na baba yake saa nzima bila ugomvi, jambo ambalo mama yake alisema hajaliona tangu mwaka jana.

Vijana wa Makerere nao walianzisha Lantern Meet of Poets mwaka 2007, na wameghani mashairi yao mbele ya watu katika National Theatre. Majirani zenu wa Ankole, ninyi mlioko Nakivale, wana ebyevugo, majigambo ya kishujaa yanayosemwa kwa kasi bila kupumua. Mwombeni mzee wa kijiji cha jirani awasemee, na Wanyarwanda waliopo watawaambia mara moja yanavyofanana na kwivuga kwao.

Goma vijana wameita jambo hili slamu, nao wanaosema mashairi jukwaani wana kundi lao, Goma Slam Session. Na yuko Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama yake Mnyarwanda. Mwaka 1995, akiwa na miaka kumi na mitatu, alikimbia vita akaenda Ufaransa. Albamu yake ya 2013, Pili pili sur un croissant au beurre, ina wimbo uitwao Petit pays, na jina hilo alilitumia tena kwa riwaya yake ya 2016 iliyopata tuzo ya Goncourt des lycéens. Tunawaambia hasa wazazi wenye mtoto anayekaa kimya na daftari. Usilichome daftari hilo kwa kudhani anapoteza muda wa hesabu.

Namna ya kuanza nyumbani

Msitafute vyombo vya gharama. Vibanda vya kujaza nyimbo kwenye memori kadi vinazo nyingi kati ya hizi, ila mwende na jina la mwimbaji mmeliandika, maana ukiomba "nyimbo za kusema" utapewa mahubiri. Sikilizeni wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza fuata sauti inayosema, mara ya pili fuata ala peke yake, na mara ya tatu angalia ni wapi msemaji ananyamaza ili ala iseme. Hapo ndipo watoto huanza kuuliza maswali.

Kagueni pia maneno. Kuna muziki wa kusema uliojaa matusi na wa kuchochea kabila dhidi ya kabila, na sisi tulioikimbia nchi tunajua maneno yaliyosemwa redioni juu ya muziki mzuri yalifanya nini Rwanda mwaka 1994. Mtoto asiachiwe kuchagua peke yake.

Kama nyumbani kuna bibi au babu, mwekeni simu karibu, mtu mmoja apige kitu chochote taratibu, hata debe la maji, naye aseme. Asiambiwe aimbe. Aseme majina ya ng'ombe, ya milima, ya watoto aliowazaa, kwa lugha yake mwenyewe. Mzee wetu Mrundi tulimrekodi dakika ishirini na mbili hivi. Hana inanga, iliachwa, kwa hiyo alitumia gita la kwaya akiwa amelilaza mapajani. Wajukuu wake wawili walielewa nusu tu ya maneno, wakamfanya arudie.

Kuhusu kijana yule, tulikwenda kwao Kabuusu wawili, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Alisema hana neno na sisi. Amekuja kanisani mara mbili tangu hapo, anakaa nyuma karibu na mlango. Mazoezi ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi tumeacha nafasi baada ya wimbo wa pili, gita litakuwapo. Hatujaandika jina la mtu yeyote kwenye nafasi hiyo.