MILANGO YA ILIMU NI MINGI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio, macho na akili ili tupate kumjua na kuyajua aliyoyaumba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Katika darsa zetu za mwezi uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata nafasi ya kujibiwa vizuri. Mzazi mmoja alisema kuwa mwanawe amekubaliwa katika chuo kikuu kusoma ilimu ya mabaki ya kale, yaani akiolojia, ile ilimu ya kufukua magofu na kuchunguza vigae, mifupa na sarafu. Watu wa barazani wamemwambia huko ni kupoteza umri na mali. Lau kijana angalisoma udaktari au uhandisi angaliwafaa watu, na lau angalikwenda Madina au Azhar angalipata thawabu. Ama kuchimba vigae, hiyo ni kazi ya Wazungu. Je, amruhusu?

Jibu letu ni kuwa amruhusu, na amwombee dua. Na kwa kuwa maneno haya ya barazani tumeyasikia mara nyingi, na kwamba si vijana wachache walioachishwa masomo yao kwa ajili yake, twaona ni wajibu kueleza sababu za jibu hilo.

Watu wetu wamezoea kuzigawanya ilimu mafungu mawili: ilimu ya dini, ambayo ina thawabu, na ilimu ya dunia, ambayo ina mshahara. Ilimu isiyoingia katika fungu la kwanza wala haileti mshahara mnono wa fungu la pili, hiyo huitwa upuuzi. Mgawanyo huu sio waliotufunza wanavyuoni wetu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Kitabu cha Ilimu kilicho mwanzo wa Ihyaa yake, ameeleza kuwa kila ilimu ambayo mambo ya watu hayasimami pasi nayo ni fardhi kifaya. Akataja uganga na hesabu, akaendelea hata akataja ukulima, ufumaji na ushonaji. Maana ya fardhi kifaya tunaijua sote kwa mfano wa sala ya maiti: wakiisali baadhi ya watu, dhima imewaondokea wote, asipoisali hata mmoja, mji mzima una dhambi. Kisha Imamu akawalaumu watu wa zama zake kwa jambo ambalo lau angalikuja leo angaliliona hapa petu. Alisema kuwa ipo miji ambayo haina tabibu Muislamu hata mmoja, na hali wanafunzi wanasongamana katika fiqhi, hasa katika mabishano ya khilafu, kwa sababu huko ndiko kunakopatikana ukadhi, usimamizi wa wakfu na heshima mbele ya wakubwa.

Kwa hivyo swali la kuuliza si kama ilimu hii ni ya dini au ya dunia. Swali ni kama Waislamu wa mji huu wanaihitaji, na kama yupo miongoni mwao aliyeisimamia.

Na uchunguzi, au kama usemwavyo siku hizi utafiti, si jambo geni kwetu. Jabir bin Abdillahi, sahaba wa Mtume, alisafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham ili ahakikishe hadithi moja kwa Abdallah bin Unays. Waliokuja baada yake wakaandika habari za wapokezi maelfu kwa maelfu: fulani alizaliwa lini, alikutana na nani, alikuwa na hifdhi ya namna gani, uzeeni aliharibikiwa na kumbukumbu au la. Huo ndio utafiti: kutokubali neno mpaka lijulikane limetoka wapi na limepita mikononi mwa nani. Na haja za ibada zenyewe ziliwafungulia Waislamu milango ambayo mtu hangeitarajia. Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra, sehemu yake kubwa ilikuwa ni masuala ya wasia na mirathi. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali palipo miji, na moja katika makusudio yake ni kuujua kwa yakini upande wa kibla wa mji wa Ghazna. Bwana huyo huyo aliipima dunia kwa kutazama upeo kutoka juu ya mlima, akaandika juu ya vito na dawa, akajifunza lugha ya Sanskrit ili asome vitabu vya Wahindi kwa lugha yao, badala ya kusikiliza uvumi juu yao.

Sisi twapenda sana kuyataja majina haya katika hotuba zetu, tukajisifu kwayo. Lakini tujiulize kwa insafu: lau al-Biruni angalikuwa kijana wa mtaa wetu, akaja kwa babake akamwambia, "Nataka kusoma Sanskrit," angaliambiwa nini?

Turudi kwenye akiolojia, kwani mlango huu watugusa sisi wenyewe. Tangu tulipopata akili tunasikia mabishano juu ya asili ya watu wa miji ya pwani. Huyu asema walitoka Shiraz, huyu asema ni Waarabu watupu, na mwengine asema ni Waafrika watupu, na Uislamu uliletwa na wapita njia. Mabishano haya yametia chuki katika nyumba, na siasa imeyatumia kwa maslaha yake. Na wengi wanaobishana hawana hoja ila sauti.

Katika miaka ya 1980 Mark Horton alifukua magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe aliukuta msikiti mwengine, na chini ya huo mwengine tena, hata akafika kwenye alama za nguzo za miti za misikiti midogo ya karne ya nane. Yaani Waislamu walikuwa wakisali Shanga katika karne ya pili ya Hijra, katika msikiti wa miti, ndani ya mji uliojengwa kwa miti na udongo kama miji mingine ya pwani hii. Habari hiyo haimo katika tarikh yoyote iliyoandikwa. Imetoka mchangani, tena imetoka kwa subira, kwa mtu kuparura udongo tabaka baada ya tabaka, miaka kadhaa. Na yule asomaye maandiko ana la kuongeza: Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa misikiti yake ni ya mbao iliyojengwa kwa uhodari, na kuwa watu wake ni Mashafi, wachaji Mungu. Mchimbaji na msomaji wameshuhudia namna moja ya ujenzi, na ushahidi wa wawili si kama wa mmoja.

Kisha aja mwenye ilimu ya lugha. Huyu hachimbi, bali husikiliza. Atakwambia: hesabu vidole vyako. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu, na ndugu zake utayakuta kwa Wapokomo na kwa Wagiriama; sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Sala na msikiti ni ya Kiarabu, ama kuomba na kufunga ni ya Kibantu, na bandari asili yake ni Kifursi. Mtu anayeipima lugha kwa namna hii hana haja ya kupiga kelele barazani, kwani ushahidi wake uko katika ulimi wa yule anayembisha.

Na mwaka 2023 kulichapishwa uchunguzi wa vinasaba, yaani zile alama za urithi zilizomo katika mwili wa kila mtu, vilivyotolewa katika mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa ni waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara. Ikaonekana kuwa tangu kiasi cha mwaka 1000 kulikuwa na kuchanganyika damu. Upande wa akina mama ulikuwa karibu wote ni wa Kiafrika. Upande wa akina baba wengi ulitoka Asia, na mwanzoni hasa kutoka Uajemi, kisha baadaye sehemu ya Bara Arabu ikazidi. Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakusema uwongo, na waliosema kuwa sisi ni watu wa bara hili nao hawakusema uwongo. Kila mmoja alishika upande mmoja wa kweli, akaupigania kama kwamba ndio wote.

Hata hivyo tusipokee habari hii kama wapokeavyo watu habari za magazeti. Wengi katika waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya wenye hadhi; je, wavuvi na wakulima wa miji hiyo walikuwa na nasaba kama hiyo? Mifupa hiyo haitujibu. Ajuaye vinasaba amhitaji ajuaye makaburi, naye amhitaji ajuaye tarikh.

Mfano wa jambo hili ulionekana wazi mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilipotangaza habari za kurasa mbili za Qur-ani zilizoandikwa juu ya ngozi. Zina baadhi ya aya za Suratul Kahf, Maryam na Twaha. Kila kiumbe kilicho hai huwa na kaboni ya namna maalumu ambayo, baada ya kufa kwake, hupungua kwa kipimo kinachojulikana, ikabakia nusu baada ya miaka kama 5,730. Kwa kuipima kaboni hiyo, maabara ya Oxford ilikadiria kuwa mnyama mwenye ngozi ile alikufa baina ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Waislamu wengi walifurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini baadhi ya waandishi wasiotutakia mema walidakia mwaka 568, wakadai kuwa Qur-ani ilikuwako kabla ya Mtume! Jibu lake halimo katika kaboni. Kaboni yapima ngozi, haipimi wino, na ngozi yaweza kukaa kabla ya kuandikwa. Anayejua khati za zamani hutazama umbo la herufi, na hafidhi hutazama maneno yenyewe. Basi Muislamu asiyejua hata moja katika ilimu hizi angalijibu nini, zaidi ya kukasirika?

Tukiviacha vyombo vya maabara, tuna aibu nyengine iliyo karibu zaidi, nayo ni karatasi zetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangalipotea lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya, na William Taylor, mmisionari, kuyaandika pamoja naye. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, na karatasi za Taylor ziko London mpaka leo. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu tarikh ya utawala wa Mazrui wa Mombasa. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1995, nayo ilitolewa Uingereza. Hatuwalaumu waliochapisha, wao walifanya kazi. Twauliza tu, ni majumba mangapi yetu yenye masanduku ya karatasi za mababu yanayoliwa na mchwa, na hali vijana wa majumba hayo wameambiwa kuwa ilimu ya kusoma maandiko ya kale haina kazi?

Limebaki jambo moja zito, nalo ni makaburi. Ndugu zetu kadhaa wamekasirishwa na kule kufukuliwa mifupa ya Waislamu, na hasira yao ina msingi katika sharia, kwani Mtume amekataza kuuvunja mfupa wa maiti kama ikatazwavyo kuuvunja wa aliye hai. Lakini hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamesema ni haramu kulifukua kaburi kabla ya maiti kuoza kabisa, ila kwa dharura. Na kujua kama ameoza, wamesema kurejewe kwa wenye ujuzi wa ardhi ile. Tazama! Fiqhi yenyewe yamtuma kadhi aende kumuuliza ajuaye udongo. Mfupa uliobaki miaka mia sita katika mchanga wa Manda, je, ni maiti aliyeoza au asiyeoza? Kipande kidogo cha mfupa kinachosagwa ili kutolewa vinasaba, je, kinaingia katika katazo la kuvunja? Je, kujua nasaba za watu wa kale ni haja inayohalalisha, au ni udadisi tu? Na mifupa ikishachunguzwa, ni nani wa kusimamia irejeshwe na kuzikwa upya kwa heshima? Kadhi hawezi kuyajibu haya bila ya kukaa na Muislamu aliyeishika kazi hiyo kwa mikono yake, amweleze hatua kwa hatua yanayofanywa shimoni na maabara.

Masharti ya kufukua kaburi kwa Mashafi, na kauli za madhehebu nyengine, tutayaeleza kwa urefu katika somo lijalo, Inshaallah. Mwenye swali juu yake na aliandike, alilete kabla ya darsa ya Alhamisi. Wallahu aalam.