Somo la Nne: Kutunza Usahihi wa Shabaha kwa Bunduki za Baruti Nyeusi na Baruti Mbadala

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji anayemiliki kihalali bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Gobore la kale, ambalo wengi tunalifahamu, lina mtutu laini. Bunduki za michezo na uwindaji zinazotengenezwa leo nchini Marekani, Italia na Hispania aghalabu zina mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, nayo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Maelezo ya baruti zake kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na mtumiaji asiyeyaelewa huweza kudhurika. Kwa Tanzania, tunakumbusha kuwa umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hakuna lolote katika somo hili linaloondoa wajibu wa kuwa na leseni.

Jambo kuu tunalotaka mtumiaji alishike ni hili: bunduki ya baruti nyeusi inayoanza kukosa shabaha inatoa onyo. Mara nyingi kinachoharibu shabaha ndicho pia kinachoweza kupasua mtutu.

1. Kwa nini shabaha hupotea

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Sehemu ya mabaki hayo hutoka kama moshi mzito, na sehemu nyingine hubaki imeganda ndani ya mtutu mithili ya ukoko ndani ya sufuria. Ukoko huu hufyonza unyevu: penye hewa kavu huwa mgumu, na penye hewa ya unyevu hulainika. Kwa hiyo mtutu wa risasi ya tano si sawa na mtutu wa risasi ya kwanza, ingawa bunduki ni ileile na mkono ni uleule.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1849 ofisa wa jeshi la Ufaransa, Claude-Étienne Minié, alitoa risasi nyembamba kidogo kuliko mtutu, yenye shimo kitakoni. Iliteremka kwa urahisi hata penye ukoko. Ilipofyatuliwa kitako kilitanuka na kushika mifereji. Uingereza iliifuata kanuni hiyo katika bunduki yake ya Enfield ya mwaka 1853. Hata hivyo, risasi ya namna hiyo haiuondoi ukoko. Inaurahisishia mpigaji kazi kwa muda tu.

2. Kufuta mtutu kati ya mpigo na mpigo

Anayetaka matundu yakaribiane kwenye ubao wa shabaha anapaswa kuurudisha mtutu katika hali ileile kabla ya kila mpigo. Tunashauri apitishe kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kitambaa kisilowe, kwa kuwa maji yatateremka hadi mahali pa baruti na kuizuia kuwaka. Ikiwa ameamua kufuta baada ya kila mpigo, afanye hivyo siku nzima. Kufuta mara moja na kuacha mara mbili huleta matokeo yasiyotabirika.

Mafuta ya kulainisha risasi nayo yachaguliwe kwa uangalifu. Mafuta ya petroli yanapokutana na moto wa baruti nyeusi huacha utando mweusi kama lami. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya wanyama au ya mimea hufanya kazi vizuri zaidi, na ilitumika hivyo tangu karne ya 19.

3. Kushindilia kwa kipimo kimoja

Risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi katikati, na ishindiliwe kwa nguvu ileile kila mara. Mtumiaji aweke alama mbili kwenye mdeki, yaani ufito wa kushindilia: moja ikionyesha kina cha mtutu mtupu, nyingine kina cha mtutu uliopakiwa. Alama hizo humjulisha kama bunduki ina kitu ndani, na kama risasi imefika inapostahili.

Risasi ikikwama njiani kwa sababu ya ukoko, isifyatuliwe. Nafasi iliyobaki kati ya baruti na risasi inaweza kuupasua mtutu na kumjeruhi mpigaji pamoja na waliosimama karibu naye. Bunduki ielekezwe upande salama, fataki iondolewe, na ikishindikana kuisukuma risasi hadi chini, apewe taarifa fundi wa silaha mwenye leseni. Vilevile, anayehisi mdeki unazidi kuwa mzito kila anaposhindilia asingoje risasi ikwame. Asimame na asafishe.

4. Baruti mbadala: ujazo, si uzito

Baruti mbadala hutengenezwa ili zitumike badala ya baruti nyeusi, lakini hazilingani nayo kwa kila jambo, wala hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Pyrodex, iliyoingia sokoni Marekani katika miaka ya 1970, ni nyepesi kuliko baruti nyeusi kwa takriban asilimia 30 kwa ujazo uleule. Kwa sababu hiyo hupimwa kwa kikombe cha ujazo. Kikombe chenye alama ya greni 80 hutoa kiasi kinacholingana na greni 80 za baruti nyeusi, ingawa uzito wake kwenye mizani ni mdogo kuliko hapo. Anayepima greni 80 za Pyrodex kwa mizani atakuwa amezidisha kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa upande wa Triple Seven, mtengenezaji anaelekeza ujazo upunguzwe kwa asilimia 15 ili kupata mwendo unaolingana na wa baruti nyeusi.

Mtumiaji azingatie mambo haya:
(a) Asome maelezo ya kopo kila anapobadili aina, wala asihamishe kipimo cha aina moja kwenda nyingine.
(b) Asichanganye aina mbili za baruti.
(c) Asimimine baruti kwenye mtutu moja kwa moja kutoka kwenye kopo au pembe. Cheche iliyobaki ndani inaweza kulipua chombo chote mkononi.
(d) Asitumie kamwe baruti isiyo na moshi katika bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi. Shinikizo lake ni kubwa kuliko mtutu unavyoweza kuhimili.

Kabla ya kununua bunduki, hasa iliyokwisha kutumika, mnunuzi akague maandishi kwenye mtutu. Bunduki nyingi za Italia huwa na alama ya PN, kifupi cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya baruti nyeusi. Muuzaji anayedai kuwa alama hiyo haina umuhimu asiaminiwe.

5. Usafi baada ya kazi

Ukoko ukiachwa usiku kucha huvuta unyevu na kuleta kutu, na mifereji iliyoliwa na kutu hairudi. Mtutu wa baruti nyeusi husafishwa siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, baada ya kuhakikisha kwa mdeki kuwa ni mtupu. Ukaushwe vizuri, upakwe mafuta membamba, na ukaguliwe tena kesho yake. Pyrodex pia huacha chumvi zinazokaribisha kutu, hivyo jina la baruti mbadala lisimfanye mtu azembee. Kabla ya kupakia tena, mafuta yafutwe yote. Mwisho, mtumiaji anawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

6. Kujipima

Ili kujua kinachoharibu shabaha, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Piga risasi tano kwa utaratibu uleule, andika kipimo cha baruti, aina ya risasi, mafuta na hali ya hewa, kisha ulinganishe matundu. Baada ya hapo jiulize:
– Je, mdeki ulifika kwenye alama kila mara?
– Je, nilifuta mtutu kwa idadi ileile ya vitambaa?
– Je, kipimo nilichotumia ndicho kilichoandikwa kwenye kopo la baruti hii?

Likikosekana jibu la "ndiyo" katika swali lolote kati ya haya, kasoro irekebishwe kwanza kabla ya kupiga risasi nyingine.