Valvu inavuja pembeni: apasuliwe tena?

*Mshauri, mume wangu aliwekewa valvu ya chuma Dar es Salaam. Mwaka huu anahema akipanda shamba, macho yamekuwa ya njano na mkojo ni kama chai ya rangi. Daktari amempima moyo, akasema damu inavuja pembeni mwa valvu na huenda akapasuliwa tena. Shemeji zangu wanasema hayo ni manjano tu, kifua hakifunguliwi mara mbili, anywe mitishamba. Nifanyeje? – Mama wa Gitting, Hanang*

Pole sana, mama. Mitishamba haitaziba tundu hilo, na huo mkojo usiusubirishe.

Valvu hushonewa kwenye nyama ya moyo kuzunguka pete yake. Mshono ukiachia, au vijidudu vikiula, panabaki upenyo, na damu hurudi ilikotoka kila moyo unapopiga. Inapita hapo kwa nguvu mno hadi chembe nyekundu zinapasuka. Njano na weusi wa mkojo huweza kutoka huko, ini likiwa zima kabisa. Hata tundu dogo huweza kummaliza mtu damu hivyo, kwa hiyo asiwatulize mtu kwa kusema "ni kadogo". Tundu dogo lisilo na dalili, hilo ndilo hufuatiliwa tu kwa vipimo.

Kifua hufunguliwa mara ya pili, mama. Kazi ni ngumu kuliko ya kwanza, sitakuficha, kwani moyo huwa umegandamana na makovu nyuma ya mfupa wa kifua. Daktari huongeza mishono, au huitoa valvu na kuweka nyingine. Wapo wanaozibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasuliwa, ila si pale vijidudu vikiwa bado hai au valvu ikiwa inayumba. Uamuzi huo hutegemea picha ya moyo inayopigwa kwa kipimo kinachoshushwa kooni. Ulizeni kama ameshafanyiwa.

Wiki hii hii mpelekeni Katesh au Haydom na vyeti vyake vyote, apimwe wingi wa damu, na mwombe rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Tangu 2015 taasisi hiyo inahudumia wagonjwa wa moyo hapa nchini, wakati zamani wengi walilazimika kupelekwa India. Akipata homa, aende siku hiyo hiyo, achukuliwe damu ya kuotesha vijidudu kabla ya kumeza antibayotiki yoyote.

Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, asiiache kwa uamuzi wake, wala asiichanganye na mitishamba: ipo inayoizidisha nguvu akavuja damu, na ipo inayoipunguza damu ikaganda kwenye valvu.

Shemeji mwenye sauti kubwa kuliko wote, msafiri naye. Aingie chumba cha daktari, aone picha, aulize mwenyewe. Gharama zikiwazidi, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza ng'ombe.