Mdogo Wangu, Hicho Kichwa Kinauma Vipi?

Kabla hujafungua pochi kutoa vidonge, niambie kwanza: kinabana au kinapwita? Upande mmoja au kote? Kimeanza leo, au unakwenda nacho wiki nzima? Tumezoea kusema "kichwa kinaniuma" na kumeza dawa ileile kwa kila kichwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapojiumiza.

Kinachowapata watu wengi zaidi ni kichwa cha kubana. Hukamata paji la uso na kisogo, pande zote mbili, kama umefungwa kilemba kikakazwa. Kinaudhi, lakini kazi zako unafanya. Huletwa na mawazo, usingizi wa mang'amung'amu, kuinamia simu au cherehani kutwa, au kupitisha mchana bila kula. Na nywele, jamani! Ukisukwa mpaka nyusi zinavutwa juu, kichwa lazima kiume. Mwambie msusi alegeze.

Kipandauso ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana mabinti wengi wanateseka nacho huku wakiitwa wavivu. Mara nyingi hushika upande mmoja, kinapwita, na ukiinama au kupanda ngazi kinazidi. Kichefuchefu kinakuja, mwanga unachoma macho, redio ya jirani inakuwa adhabu. Kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Wengine, kabla maumivu hayajaanza, huona mistari inayometameta kwa dakika kadhaa, wakaambiwa wamerogwa. Hujarogwa, mdogo wangu. Ni maradhi ya ubongo, mara nyingi yamo katika ukoo, na huwapata wanawake karibu mara 3 zaidi ya wanaume kwa sababu ya homoni zetu. Ndiyo maana kwa wengi hubisha hodi hedhi inapokaribia.

Kikianza, meza dawa ya maumivu mapema, usisubiri kikulaze, kisha jipumzishe penye giza na utulivu. Kama kinakurudia mara kwa mara, mwombe daktari dawa ya kinga. Zipo za zamani na za bei nafuu, kama propranolo na amitriptilini. Ila ukiwa na pumu mwambie, kwa sababu propranolo haikufai. Na kama wewe ni wa hao wanaoona mistari, liseme hilo kliniki ya uzazi wa mpango kabla hujapewa vidonge vya majira. Vile vyenye estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa mwanamke mwenye kipandauso cha aina hiyo. Kitanzi na vipandikizi vipo, zungumza na mhudumu.

Sasa tuongee kuhusu vidonge vyenyewe, jambo linaloniuma kuliko yote. Ukimeza parasetamo au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuletea kichwa. Kwa vile vilivyochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Unaamka kinauma, unameza, kinatulia, kesho kinarudi, nawe unaona ugonjwa umekua kwa hiyo unaongeza. Tiba yake ni kuacha, na siku za mwanzo kichwa huuma zaidi kabla ya kupoa, kwa hiyo usijaribu peke yako. Daktari akusimamie. Anza leo kuandika kwenye daftari kila siku kilipouma, ulikula nini, ulilala vipi, ulimeza nini. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka-kumbuka.

Kichwa chenye homa ni cha kupimwa malaria, si cha kununuliwa dawa mseto kwa kukisia. Presha nayo mara nyingi haiumi popote, kwa hiyo usikingoje kichwa kikuambie. Kapime. Na kama nyumba nzima mmeamka na vichwa na kizunguzungu baada ya kulala na jiko la mkaa chumbani, hiyo ni sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu. Tokeni nje wote mara moja, mkimbilie hospitali.

Kuna vichwa visivyosubiri asubuhi. Kilichopiga ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Chenye homa na shingo iliyokakamaa. Kinachoambatana na degedege, ulimi mzito, au mkono na mguu kulegea upande mmoja. Kilichofuata kuanguka au kupigwa kichwani. Mama aliyevuka miaka 50 akaanza kuumwa kichwa ambacho hajawahi kukijua, naye apelekwe.

Na wewe mjamzito uliyepita wiki ya 20, au uliyejifungua majuzi: kichwa kikali kisichotulia, hasa macho yakiona ukungu au uso na mikono vikivimba, kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto. Usimeze kidonge ukalala. Nenda ukapimwe presha na mkojo siku hiyohiyo, hata kama tarehe yako ya kliniki ni wiki ijayo.