Kapteni John Komba na Kazi ya Kuongoza Kundi la Sanaa

Wanafunzi wengi huniuliza kama sanaa yaweza kuwa kazi ya mtu mzima, au ni mchezo wa jioni tu baada ya masomo. Swali hilo ni zuri, na jibu lake moja liko hapa kwetu, mwambao wa Ziwa Nyasa.

Kwanza tuitazame ngoma yetu ya mganda. Ngoma hii iliiga gwaride la askari tangu siku za Vita Kuu ya Kwanza. Ina safu, sare na vyeo. Wachezaji wawe hodari namna gani, pasipo mtu wa kuwakusanya, kuwafundisha na kuwapanga, hakuna mganda. Kazi ya mtu huyo ndiyo somo letu leo.

John Komba alizaliwa Lituhi mwaka 1954. Alikuwa mwalimu, kisha akaingia Jeshi la Wananchi, akapanda hata cheo cha kapteni, akajulikana kwa kutunga na kuongoza kwaya. Mwaka 1992, nchi iliporudia mfumo wa vyama vingi, Chama cha Mapinduzi kilikuwa na kundi jipya la sanaa, Tanzania One Theatre, yaani TOT, naye Komba ndiye aliyeliongoza.

Kuimba alijua, sasa ilimpasa kutafuta wenye vipaji na kumpa kila mmoja mahali pake. TOT ilikuwa na kwaya, ngoma, maigizo na taarabu. Khadija Kopa, mwimbaji mashuhuri kutoka Zanzibar, alijiunga nayo. Baadaye Banza Stone akaimba katika bendi yake ya dansi. Katika taarabu TOT ilishindana na kundi la Muungano la Dar es Salaam. Waimbaji walijibizana kwa mipasho, na watu wakajaa ukumbini kusikia jibu. Mwongozaji mwerevu hujua kwamba hata ushindani ni mali.

Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, nyimbo za maombolezo za Komba na wenzake zilisikika redioni nchi nzima. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbinga Magharibi, akadumu bungeni hata alipofariki tarehe 28 Februari 2015. Alizikwa kwao Lituhi.

Lakini yatupasa kupima pande zote mbili. Msanii anayelelewa na chama hupata nguvu ya kufika mbali, lakini humwimbia mlezi wake. Nyimbo za TOT zilisikika sana katika kampeni za uchaguzi; wapo waliozisifu, na wapo waliozilaumu. Mimi sisemi kwamba ni vibaya kuwa na mlezi, kwa maana ngoma haichezwi kwa njaa. Nasema kwamba kila kijana mwenye kipaji ajiulize mapema: nani atagharimia kazi yangu, naye atataka nini kwangu?

Basi, sanaa ni kazi, nayo yataka hesabu, nidhamu na uamuzi kama kazi nyingine yoyote.

Maswali
1. Taja kazi tatu za mwongozaji wa kundi la sanaa.
2. Kwa nini ushindani wa TOT na Muungano ulivuta watu?
3. Waulize wazee wa kijijini kwenu: ni nani aliyepanga mganda au kioda zamani, na gharama zilitoka wapi?